Kibomba kisichovuta hewa kimepimaje hewa ya nyumba yangu?

SWALI: Nilifundisha hesabu shule za msingi kwa miaka 31, sasa nimestaafu na ninaishi Moshi mjini, ukuta kwa ukuta na kituo cha mafuta. Majirani walipolalamikia harufu, walikuja vijana wawili wakatundika vibomba vya chuma vyenye urefu wa kidole: kimoja kwenye mwembe ulio kwenye uzio wa upande wa kituo, kimoja barazani, kimoja chumbani kwangu. Cha nne hawakukifungua hata vizibo, kikakaa tu ndani ya mfuko wake kabatini. Hakuna pampu, hakuna waya wa umeme. Baada ya wiki mbili wakaja kuvichukua. Ripoti inasema benzini ni 11 mwembeni, 6 barazani na 9 chumbani, zote kwa mikrogramu kwa mita ya ujazo. Kile kilichofungwa kimeandikiwa "nanogramu 5". Kitu kisichovuta hewa kinapimaje hewa? Kile cha nne tumelipia nini? Na chumbani kunazidije barazani, wakati baraza ndiyo iliyo karibu na kituo? Mjukuu wangu ninayekaa naye, dereva wa bodaboda, anasema tumeibiwa.

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Hamjaibiwa. Katika namba hizo nne, iliyonifurahisha zaidi ni ile 5 ya kibomba kilichofungwa, na iliyonikosesha raha ni 9 ya chumbani, wala si 11 ya mwembeni. Nitazifikia zote mbili, lakini kwanza tumalize la pampu, maana ndilo linalowasumbua watu wengi.

Kibomba walichokutundikia ni mrija wa chuma cha pua, urefu milimita 89, upana wa ndani milimita 5. Ndani yake kuna chembechembe nyeusi za kaboni, ndugu wa mkaa, zimeshikiliwa na wavu mdogo zisimwagike. Vijana walipofika kwako walikaza upande mmoja na kuuacha hivyo, upande wa pili wakatoa kizibo na kuvisha kofia yenye wavu. Kati ya mdomo wa kibomba na zile chembechembe kuna nafasi tupu ya milimita 15. Pampu uliyokuwa ukiitafuta ni hiyo nafasi tupu.

Molekuli za benzini, kemikali mojawapo iliyomo ndani ya petroli, hazitulii mahali pamoja. Zinagongana na molekuli nyingine za hewa mabilioni ya mara kila sekunde, na katika kusukumana huko zinasambaa kutoka penye wingi kwenda penye uhaba. Mdomoni mwa kibomba benzini ipo. Kule ndani, juu ya kaboni, haipo, kwa sababu kila inayofika inanaswa papo hapo. Kwa hiyo ndani ya milimita 15 kuna mteremko usioisha, na benzini inateremka usiku na mchana bila kusukumwa na mtu. Kanuni ya mwendo huo iliandikwa mwaka 1855 na Adolf Fick, Mjerumani aliyesomea udaktari wa binadamu. Wengi hupenda kuifafanua kwa mfano wa jirani anayekaanga dagaa. Mimi siupendi mfano huo. Harufu ya dagaa inaletwa kwako na upepo, na upepo ndio hasa tusioutaka ndani ya kibomba. Wavu wa ile kofia umewekwa ili hewa ya milimita 15 itulie tuli, ibaki kazi ya kusambaa peke yake.

Kwa kuwa ulifundisha hesabu, nikuwekee hesabu mezani. Benzini husambaa katika hewa kwa kiwango cha takriban sentimita 0.09 za mraba kwa sekunde. Mdomo wa kibomba chenye upana wa milimita 5 una eneo la sentimita 0.196 za mraba. Zidisha viwili hivyo, kisha gawanya kwa urefu wa njia, sentimita 1.5. Utapata sentimita za ujazo 0.012 kwa sekunde, yaani kama mililita 0.7 kwa dakika. Maabara zilizopima jambo hili kwa vitendo, kwa kaboni ya aina inayoshika sana na kwa muda wa wiki mbili, hutumia 0.67. Karatasi na vitendo vimepishana kidogo sana, na hilo ndilo linalonifanya niviamini vibomba hivi.

Sasa uone udogo wa kazi yenyewe. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kibomba chako kinahitaji zaidi ya dakika saba kuinasa benzini iliyomo katika kijiko kimoja cha hewa. Wiki mbili ni dakika 20,160, na ukizidisha kwa 0.67 unapata lita 13.5. Haijai hata ndoo ya lita 20! Wewe mwenyewe kwa siku moja unavuta zaidi ya lita elfu kumi. Mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo ni sawa na nanogramu 1 kwa lita, kwa hiyo ile 11 ya mwembeni maana yake mashine iliona takriban nanogramu 149 za benzini ndani ya kibomba kile. Punje moja ya sukari ya TPC ina nanogramu laki kadhaa. Tunazungumzia kitu ambacho hata ukikimwaga juu ya kioo cheusi hutakiona.

Mashine inavionaje basi? Kibomba kinapashwa moto hadi nyuzi 300 hivi, huku gesi safi kama heliamu ikipita ndani yake. Kaboni inaachia ilichonasa, kinakusanywa kwenye mtego wa baridi, kinapashwa tena ghafla, na mzigo wote unaingia kwenye kromatografu inayotenganisha kemikali moja moja, kisha spektromita inazitambua kwa uzito wa vipande vyake. Baada ya hapo kibomba kinasafishwa kwa moto na kutumika tena. Njia ya zamani, ambayo bado ipo, hutumia mkaa wa vifuu vya nazi uliochomwa kitaalamu, na kemikali huoshwa kwa kimiminika kiitwacho kaboni disulfidi. Kina harufu mbaya na sumu kali, lakini kinakuachia nafasi ya kupima sampuli ileile mara ya pili. Njia ya moto kwa kawaida humaliza sampuli nzima kwa mara moja. Mtu akikosea kubonyeza kitufe, wiki mbili zimekwenda.

Ndiyo sababu namba ya kibomba cha nne ina thamani.

Mimi hukiita shahidi. Kimesafishwa siku moja na wenzake, kimesafiri nao, kimelala nyumba moja nao, kimerudi nao, ila hakikufunguliwa. Kila kilichoonekana ndani yake hakikutoka katika hewa iliyopimwa. Kimetoka katika mikono, mfuko, gari, kabati au mashine. Chako kimetoa nanogramu 5. Zigawanye kwa lita 13.5, unapata chini ya mikrogramu 0.4 kwa mita ya ujazo. Maana yake kelele ya kazi nzima haifiki nusu ya mikrogramu moja, na tofauti kati ya 6 na 9 ni ya kweli, haikutokana na uchafu wa njiani. Usingekuwa na shahidi huyo, ningekujibu kwamba sijui kama chumbani kweli kumezidi barazani.

Niliyajua haya kwa gharama. Mwanzoni mwa kazi yangu tulitundika vibomba kwa wiki mbili pembezoni mwa karakana za kupaka rangi magari jijini Arusha, tukavirudisha kwa gari la kuazima. Nyuma ya viti kulikuwa na dumu la petroli ambalo dereva hakuona sababu ya kulitaja. Vizibo vingine tulikuwa tumevikaza kwa vidole badala ya spana mbili. Shahidi akatoka na namba karibu sawa na wenzake waliofunguliwa. Kazi yote tukaitupa. Siku hizi kabla ya kuuliza matokeo ya mtu huuliza habari za shahidi, na mtu akinijibu "hatukuweka, ili kupunguza gharama", huwa namaliza kinywaji changu na kuaga. Ukiwaona tena vijana wako, angalia jambo moja dogo: wanaandikia nini. Baadhi ya kalamu nene za wino hutengenezwa kwa viyeyusho vilevile tunavyovitafuta. Mwenye kuijua kazi hutumia penseli, au husoma namba iliyochongwa kwenye chuma.

Sasa chumbani, Mwalimu. Nyumba haizai benzini. Kama chanzo pekee ni kituo cha mafuta, hewa ya chumbani ni hewa ileile ya nje iliyoingia kwa madirisha na upenyo wa dari. Kwa saa chache inaweza kuzidi ya nje, kwa mfano nje upepo umeshasafisha na ndani bado mmefunga. Kwa wastani wa wiki mbili inakaribia ile ya nje, haiipiti kwa nusu nzima. Yako imeipita: 9 dhidi ya 6. Kwa hiyo ndani ya nyumba kuna kitu kinachotoa benzini, na umekitaja mwenyewe katika sentensi ya mwisho ya barua yako.

Pikipiki inalala wapi?

Nauliza kwa sababu nimeingia nyumba nyingi za Moshi na Arusha ambako, saa nne usiku, bodaboda inapandishwa ngazi na kulazwa sebuleni au kwenye korido kwa kuogopa wezi. Siwalaumu, pikipiki ndiyo ugali wa nyumba. Lakini chombo kilichozunguka mjini siku nzima kinaingia ndani kikiwa cha moto. Petroli iliyobaki kwenye kabureta inavukizwa na joto la injini, na tangi nalo linapumua kupitia tundu la kizibo chake. Mvuke huo hauna pa kwenda ila mlangoni mwa chumba chako, milango ya nje imefungwa hadi alfajiri. Benzini, kumbuka, si petroli yenyewe. Ni kemikali moja kati ya nyingi zilizomo ndani ya petroli, na imethibitika kusababisha saratani ya damu kwa wanaoivuta kwa wingi na kwa muda mrefu.

Kama pikipiki inalala nje, basi tutafute kwingine: dumu la akiba lililo chini ya kitanda, jiko la mkaa linaloingizwa ndani wakati wa baridi, sigara. Ripoti yenyewe inaweza kukusaidia kuchagua kati ya hivyo, kwa sababu kibomba kimenasa zaidi ya benzini. Waombe namba ya tolueni, kemikali nyingine iliyomo kwenye petroli. Moshi wa kuni na mkaa mara nyingi una benzini kuliko tolueni. Petroli na moshi wa magari kwa kawaida hutoa tolueni mara mbili au tatu ya benzini, hata zaidi kidogo. Ukiona tolueni mara kumi au ishirini, mtu amepaka rangi au ameosha brashi kwa thina. Linganisha uwiano wa chumbani na ule wa mwembeni. Hii si hukumu ya mahakama, ila mimi nimeshaona nyumba ikibadilisha mtuhumiwa kwa uwiano huo tu.

Upande wa kituo nao haujasafishwa na maneno yangu. Mwembeni kuna 11 na barazani 6, na kushuka huko kadiri unavyokwenda mbali na uzio kunaelekeza kidole kituoni. Kasoro ninayoiona katika kazi ya vijana ni kwamba hawakutundika hata kibomba kimoja mbali na kituo, upande wa pili wa mtaa, ili tujue hewa ya kawaida ya mji ina kiasi gani. Kama huko ni 4, kituo kinakuletea 7. Kama ni 6, kituo kinakuletea 5, na lawama nyingine ziende barabarani. Marekani, tangu kanuni ya mwaka 2015, viwanda vya kusafisha mafuta vinazungushiwa vibomba vya jinsi hii kwenye uzio, wiki mbili mbili mwaka mzima. Kinachohukumiwa ni tofauti kati ya kibomba kilichopata nyingi na kilichopata kidogo kuliko vyote, na wastani wa mwaka wa tofauti hiyo ukizidi mikrogramu 9 kiwanda kinatakiwa kutafuta kinapovuja. Tofauti, Mwalimu, si namba moja moja.

Huenda mtu akakuambia kwamba Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha benzini kuwa mikrogramu 5, kwa hiyo unaishi katika mara mbili ya kikomo. Ni kweli kikomo ni 5, lakini ni cha wastani wa mwaka mzima. Wewe una wiki mbili. Masika hewa huoshwa na mvua, kiangazi magari na vumbi ni vilevile ila mvua hakuna, na kwa Moshi kuna mlima: mchana upepo hupanda kuelekea Kilimanjaro, usiku hewa baridi hushuka kuja mjini. Nyumba iliyo kusini mwa kituo inapokea zaidi usiku, iliyo kaskazini inapokea zaidi mchana. Kibomba hakijui saa, kinajumlisha tu. Ningependa uwe na angalau awamu nne zilizotawanywa katika mwaka kabla ya kusema umeupita mstari wa mtu yeyote. Hilo halimaanishi ukae ukisubiri. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kwa benzini hakuna kiwango kisicho na hatari kabisa, kwa hiyo kupunguza kunafaa leo, kesho, na hata kabla ya namba.

Kuna jambo moja ambalo ripoti nyingi za kwetu hulikosea, nalo ni mwinuko. Kasi ile ya 0.67 hutolewa kwa hewa yenye mgandamizo wa usawa wa bahari. Moshi iko juu zaidi ya mita 800, Arusha karibu mita 1,400, na hewa yetu ni nyepesi. Penye hewa nyepesi benzini inakutana na vizuizi vichache, inasambaa haraka, na kibomba kinanasa kwa kasi zaidi ya ile ya kitabuni. Kwa Moshi ni kama asilimia 10 hivi, kwa Arusha inakaribia asilimia 18. Kwa hiyo kama hawakurekebisha, 11 yako katika hewa halisi ya uani ni kama 10. Raha ya fizikia ni kwamba ukitaka jibu kwa sehemu kwa bilioni (molekuli ngapi za benzini katika kila molekuli bilioni moja za hewa) badala ya mikrogramu, marekebisho hayahitajiki: hewa nyepesi inaongeza kasi kwa kiasi kilekile inachopunguza wingi wa molekuli, vinafutana. Joto nalo lina athari, ila ndogo, chini ya asilimia moja kwa kila nyuzi moja. Tofauti ya chumba chako na uani kwa joto haitufikishi kutoka 6 hadi 9.

Wasichoweza kukuambia vibomba hivi ni saa mbaya. Lori la mafuta likija kushusha, mafuta yanapoingia kwenye tangi la chini ya ardhi yanausukuma mvuke uliokuwamo utoke kwenye mabomba ya kupumulia, yale marefu yaliyosimama pembeni. Kwa nusu saa ile benzini inaweza kuwa mara nyingi ya wastani wako, halafu itapotea. Ndani ya wiki mbili nusu saa hiyo inamezwa. Ukitaka kuikamata, hapo ndipo pampu inapohitajika: kibomba kilekile, hewa ikivutwa kwa saa moja tu lori likiwa linashusha. Kwa hiyo andika kwenye daftari siku na saa lori linapokuja, na harufu ilidumu kwa muda gani. Malalamiko yenye daftari husikilizwa tofauti, iwe ni NEMC kwa mambo ya mazingira au EWURA wanaotoa leseni za vituo. Wafanyakazi wa pampu ni habari nyingine, hao ni wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na kibomba chao huvaliwa kifuani.

Kwa awamu ijayo waombe waweke vibomba viwili viwili mwembeni na chumbani. Pacha wakipishana sana, mmoja ana kasoro, mara nyingi kizibo, na wakati mwingine mdudu. Nimewahi kukuta nyigu ameziba mdomo wa kibomba kwa udongo, kazi nzuri kuliko ya fundi, na benzini yake ikawa sifuri. Waweke kimoja upande wa pili wa mtaa, mbali na kituo. Mwembeni kiwe chini ya kibati cha kukinga mvua, juu ya kichwa cha mtu, mdomo ukiangalia chini. Waandike saa ya kufungua na kufunga mbele yako, na katika ripoti watoe nanogramu zenyewe pamoja na kasi waliyotumia, ili ugawanye mwenyewe. Shahidi wasimsahau.

Na kabla hawajaja, zungumza na mjukuu. Pikipiki ilale jiko la nje, mnyororo kwenye nondo za dirisha, kwa siku zote 14. Kama chumbani kutashuka hadi kulingana na barazani, atakuwa amejijibu mwenyewe kuhusu kuibiwa. Kama hakutashuka, niandikie tena, na uniambie chini ya kitanda chake kuna nini.